Uzi: Bia zetu za chupa karibu zote ni za ukoo mmoja. Ukoo huo ulitoka wapi?

#1 Kimea Kibichi (mleta mada)

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Ukiingia baa yoyote kuanzia Mombasa hadi Mbeya, mhudumu atakuuliza unakunywa bia gani, na kama unaitaka baridi au ya moto. Hatakuuliza aina, na hana kosa, kwa sababu aina iliyojaa kwenye jokofu lake ni moja. Tusker, Kilimanjaro, Safari, Serengeti, Nile Special ya Uganda na Primus ya Kongo, Rwanda na Burundi zote ni laga. Zinatofautiana kwa nguvu, kwa uchungu na kwa nafaka inayoongezwa juu ya shayiri, lakini ukoo wao ni mmoja, nao una mji wake na mwaka wake wa kuzaliwa. Nimefungua uzi huu ili tuufuate ukoo huo hadi kwenye asili yake, na njiani tuzitazame koo nyingine ambazo hapa kwetu ni nadra. Dai langu ni kwamba aina nyingi za bia duniani hazikubuniwa na mabingwa wa ladha. Zilitokana na maji yaliyokuwepo, na kuni au makaa yaliyochomwa, na baridi ya msimu, na mara nyingi na mkono wa mtoza kodi. Anayepinga anakaribishwa.

Kwa wasiojua namna bia inavyopikwa: shayiri hulowekwa, huachwa ichipue, kisha hukaushwa kwa joto, na hapo huwa kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji moto ili wanga wake ugeuke sukari. Maji hayo matamu huchujwa, huchemshwa pamoja na maua ya hopsi yanayoleta uchungu na kuzuia bia isiharibike upesi, hupozwa, halafu hutiwa hamira, ambayo hula sukari na kutoa kilevi na gesi. Mama yeyote aliyewahi kupika pombe ya ulezi atazitambua hatua hizo karibu zote, isipokuwa hopsi.

Mgawanyiko mkubwa wa bia uko kwenye hamira. Zipo bia zinazochachushwa na hamira ipendayo joto la kawaida la chumba, kuanzia nyuzi 15 za Selsiasi hadi zaidi ya 20. Hizi ndizo eili, na ndizo zilizotawala Uingereza na Ubelgiji kwa karne nyingi. Halafu ziko laga, ambazo hamira yake hufanya kazi polepole kwenye nyuzi 8 hadi 13 hivi, na baadaye bia yenyewe hulazwa kwa majuma kadhaa karibu na nyuzi sifuri ili itulie na kung'aa.

Hamira hiyo ya baridi ilistawi Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na serikali iliisaidia bila kujua. Mwaka 1553 mtawala wa huko, Albrecht V, alipiga marufuku kupika bia kati ya tarehe 23 Aprili na 29 Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi ilikuwa ikichacha vibaya. Wapishi wakabaki na miezi ya baridi tu. Katika mapipa yaliyokaa kwenye mahandaki ya baridi, hamira iliyoshindwa na ubaridi ilitoweka, na iliyouweza ikaendelea kurithishwa kutoka pipa hadi pipa, vizazi na vizazi, kabla hata mtu yeyote hajajua kwamba hamira ni kiumbe hai.

Hata hivyo laga za Bavaria za wakati huo zilikuwa za rangi ya kahawia. Rangi ya dhahabu tunayoizoea ililetwa na mji wa Plzeň, katika nchi ya Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Mwaka 1838 wenyeji wa mji huo walichoshwa na bia mbovu hadi mapipa 36 yakamwagwa mbele ya jengo la halmashauri. Raia waliokuwa na haki ya kupika bia wakakubaliana kujenga kiwanda kimoja cha pamoja, na wakamwajiri kijana kutoka Bavaria, Josef Groll, ambaye husimuliwa kuwa alikuwa mkorofi kiasi kwamba hata baba yake hakumstahimili. Tarehe 5 Oktoba 1842 Groll alipika bia yake ya kwanza huko, na tarehe 11 Novemba ikaanza kuuzwa. Alitumia shayiri ya Moravia, hopsi za Žatec, hamira ya Bavaria na maji ya Plzeň yaliyo laini mno, yasiyo na madini mengi. Jambo lililoleta rangi lilikuwa tanuri la kukaushia kimea kwa hewa ya moto, mtindo uliotoka Uingereza, ambapo moshi haugusi nafaka wala moto hauiunguzi. Bia ikatoka ya dhahabu na angavu, wakati ambapo bilauri za kioo zilikuwa zimeanza kupatikana kwa watu wa kawaida na mnywaji aliweza kuiona. Groll mwenyewe hakudumu. Mwaka 1845 mkataba wake ulikwisha akarudi kwao. Kiwanda hicho kipo mpaka leo, na bia yake huitwa Pilsner Urquell.

Ujuzi huo wa tanuri za Kiingereza haukuenea kwa heshima tu. Mwaka 1833 vijana wawili wa koo za wapika bia, Gabriel Sedlmayr wa München na Anton Dreher wa Vienna, walizunguka viwanda vya Uingereza wakiwa wamebeba fimbo zilizotobolewa ndani, wakichota bia ya wenyeji wao kwa siri na kwenda kuipima nyumba ya kulala wageni. Wizi wa aina hiyo ndio uliowafundisha watu wa bara la Ulaya kupima uzito wa maji ya kimea.

Yaliyofuata yalikuwa kazi ya sayansi. Katika miaka ya 1870 Carl von Linde alitengeneza mashine za kupoza ambazo kiwanda cha Sedlmayr, Spaten, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuzitumia, na tangu hapo laga haikuhitaji tena barafu ya ziwani wala handaki la mlimani. Mwaka 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuitenga hamira ya laga kutoka chembe moja tu, na kampuni ikaigawa kwa viwanda vingine bure. Ukiwa na mashine ya kupoza na hamira safi, unaweza kupika bia ya Bohemia popote, hata chini ya Ikweta. Hivyo ndivyo ukoo huu ulivyofika kwetu.

Liko jambo moja la mwisho kabla sijawaachia jukwaa. Hamira ya laga ni chotara: mzazi mmoja ni ile hamira ya eili na ya mkate, na mzazi wa pili hakujulikana mpaka mwaka 2011, watafiti walipotangaza kuwa wamemkuta porini Patagonia, kusini kabisa mwa Argentina, kwenye miti ya misitu ya baridi. Baadaye akapatikana Tibet, na kisha kwenye udongo wa chuo kikuu kimoja cha Dublin. Kwa hiyo mzazi wa kiumbe kilichochachusha bia ya Wajerumani kwa miaka mamia hakugunduliwa kwanza porini Ujerumani kwenyewe.

#2 Binti Kaunta

Shikamoo, mleta mada, na ahsante kwa darasa. Mimi ninafanya kazi baa, na kila siku ninasikia mambo mawili kuhusu bia nyeusi. La kwanza ni kwamba ina nguvu kuliko nyeupe, na ndiyo maana wazee huiagiza moja tu. La pili ni kwamba inaongeza damu, kiasi kwamba wako wanaume wanaoinunua kwa ajili ya wake zao waliojifungua. Naomba ufafanuzi, kwa kuwa wateja huniuliza mimi.

#3 Kimea Kibichi

Marahaba, dada. Rangi ya bia haisemi chochote kuhusu kilevi chake. Weusi hutoka kwenye sehemu ndogo ya nafaka iliyokaangwa hadi kukaribia kuungua, jinsi buni zinavyokaangwa kuwa kahawa. Kilevi hutokana na wingi wa sukari iliyoliwa na hamira. Guinness ya pipa inayouzwa Dublin ina asilimia 4.2 tu, sawa kabisa na Tusker ya kawaida. Lakini wateja wako hawakuokota maneno hayo barabarani, maana Guinness tuliyoizoea Afrika ni ile ya kusafirishwa nje, iliyopikwa kwa nguvu zaidi ili ivumilie safari za meli, nayo huwa na asilimia 6.5 au 7.5 kutegemea nchi inakopikwa. Wanalinganisha chupa nyeusi yenye nguvu na chupa ya dhahabu isiyo na nguvu, kisha lawama wanaipa rangi.

Kuhusu damu, hilo ni tangazo la biashara lililogeuka kuwa tiba. Mwaka 1929 Guinness ilianza kutangaza Uingereza kwamba bia hiyo ni nzuri kwa afya yako, na zamani hata madaktari wa huko waliwahi kuwapa wagonjwa na wazazi. Madini ya chuma yaliyomo ni kidogo mno. Mchicha na maharage vitamsaidia mzazi zaidi, na mama anayenyonyesha hana sababu ya kununuliwa pombe ya rangi yoyote.

Asili ya bia nyeusi ni London ya karne ya 18, kwenye bia iliyoitwa pota kwa sababu ilipendwa na wapagazi wa mitaani na bandarini. Ilikuwa ya kahawia iliyokolea, ikilazwa miezi mingi kwenye mapipa makubwa kuliko nyumba. Ukubwa huo ulileta maafa: tarehe 17 Oktoba 1814 pipa la kiwanda cha Meux karibu na barabara ya Tottenham Court lilipasuka, mafuriko ya bia yakabomoa nyumba za maskini na kuua watu 8. Pota iliyokuwa nzito zaidi ndiyo iliyoitwa stauti. Mwaka 1817 Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la kukaangia kimea linalozunguka juu ya moto, na hapo wapishi wakagundua kwamba kimea cheusi kidogo kikiongezwa kwenye cheupe kingi kinatosha kuipaka bia yote rangi. Kabla ya hapo rangi ilitoka kwenye kimea cha kahawia ambacho sehemu ya sukari yake ilikuwa imeungua, maana yake ni hasara. Kwa hiyo stauti nyeusi tiii ya leo ilizaliwa na hesabu ya gharama.

Arthur Guinness alikuwa amekwisha kupanga kiwanda cha St James's Gate mjini Dublin mwaka 1759 kwa mkataba wa miaka 9,000 na kodi ya pauni 45 kwa mwaka. Na kwa wale waliosoma takwimu chuoni: jaribio la t mlilolikariri liliandikwa mwaka 1908 na William Gosset, mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliyetaka kujua namna ya kuamini matokeo ya majaribio ya shayiri yenye sampuli chache. Alichapisha kwa jina la "Student" kwa sababu mwajiri hakuruhusu majina ya wafanyakazi wake yatokee.

#4 Fundi Maji

Mkuu, umeyataja maji ya Plzeň kwa sentensi moja ukapita, nami siwezi kukuacha upite hivyo, kwa kuwa maji ndiyo kazi yangu. Kimea kikiwa kwenye maji moto, vimeng'enya vyake, yaani viini vinavyogeuza wanga kuwa sukari, hufanya kazi vizuri katika kiwango fulani cha uchachu, na madini ya maji hukivuta kiwango hicho huku na huku. Maji ya London na Dublin yana kaboneti nyingi, ambazo hupunguza uchachu. Ukitia kimea cheupe peke yake, bia hutoka na ukakasi mbaya. Kimea kilichokaangwa kina uchachu wake, kwa hiyo husawazisha mambo. Miji hiyo ikawa mabingwa wa bia nyeusi muda mrefu kabla ya mtu kuweza kueleza sababu. Hata kipimo chenyewe cha uchachu, kiitwacho pH, kilibuniwa na Sørensen mwaka 1909 katika maabara ileile ya Carlsberg uliyoitaja.

Mji wa Burton upon Trent, katikati ya Uingereza, una maji yaliyojaa jasi. Salfeti yake huufanya uchungu wa hopsi uwe mkavu na mkali bila kukera, na ndiyo maana bia nyepesi yenye hopsi nyingi ilipendeza zaidi ilipopikwa huko. Leo kiwanda chochote kinachotaka ladha hiyo hutia jasi kwenye maji yake, iwe kiko California au Cape Town.

Hapo ndipo inapoingia IPA (India Pale Ale), bia chungu ya rangi ya dhahabu iliyokoza ambayo vijana wa mijini wameanza kuiagiza kwa madaha. Kisa kinachozunguka ni kwamba Mwingereza mmoja aliibuni ili bia isiharibike katika safari ya baharini hadi India. Ukweli una mikunjo zaidi. Tangu miaka ya 1760 wapishi wa Uingereza walishauriwa kuongeza hopsi kwenye bia yoyote inayokwenda nchi za joto, na pota nyeusi nayo ilisafirishwa India kwa wingi na kufika salama. George Hodgson, Mwingereza huyo anayetajwa, hakuwa na siri yoyote. Kiwanda chake cha Bow kilikuwa karibu na gati za meli za Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, naye aliwakopesha manahodha kwa masharti mepesi. Biashara ilipomtajirisha na warithi wake wakaanza kuwabana manahodha, kampuni ikawageukia wapishi wa Burton katika miaka ya 1820, nao wakagundua kwamba maji yao yanaipika bia hiyo vizuri kuliko ya London. Bass, mmoja wa wapishi hao wa Burton, ndiye mwenye alama ya kwanza ya biashara kusajiliwa Uingereza, ile pembetatu nyekundu, tarehe 1 Januari 1876.

#5 Mwana wa Bukavu

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kivu. Nina swali ambalo limenisumbua kitambo. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, na kila mtu anasema bia za Ubelgiji ni za ajabu, zenye nguvu, nyingine hupikwa na watawa. Mbona walituletea Primus, laga nyepesi kwenye chupa kubwa ya sentilita 72, badala ya hizo za kwao?

#6 Kimea Kibichi

Ndugu, swali lako ni zuri kwa sababu jibu linaonyesha kwamba bia hizo za ajabu si za kale kama zinavyouzwa. Kiwanda kilichozaa Bralima, kampuni inayopika Primus ya Kongo, kilianzishwa Léopoldville (leo Kinshasa) mwaka 1923. Wakati huo Ubelgiji kwenyewe laga ilikuwa ndiyo bia ya kisasa. Stella Artois ilitoka mjini Leuven mwaka 1926. Watu wa kampuni walileta Kongo kile walichokiona kuwa maendeleo, yaani kiwanda chenye mitambo ya kupoza na chupa zinazofanana.

Nguvu za bia za Ubelgiji nazo zina mkono wa serikali. Mwaka 1919 ilipitishwa sheria ya Vandervelde iliyokataza kuuza pombe kali kwenye mabaa, na ilidumu hadi mwaka 1983. Mnywaji aliyezoea kushushia jini akabaki na kiu ya kitu kizito, na wapishi wakampa bia za asilimia 8 na zaidi. Duvel na bia ya Westmalle iitwayo Tripel, ya mwaka 1934, ni za kipindi hicho. Watawa wapo kweli, na bia yao huruhusiwa kuitwa ya Trappist ikiwa tu imepikwa ndani ya kuta za monasteri chini ya usimamizi wao, lakini aliyewapa soko la bia nzito alikuwa bunge.

#7 Sheria Kwanza

Wakuu, naona tunachanganya mambo. Bia halisi ina maelekezo yake: sheria ya usafi ya Wajerumani ya mwaka 1516 inasema maji, shayiri, hopsi na hamira, basi. Hizi zenye mahindi na sukari, pamoja na hizo pombe za ndizi na ulezi ambazo mtu atazileta hapa muda si mrefu, ni vinywaji, lakini si bia.

#8 Kimea Kibichi

Mkuu, sheria hiyo imesifiwa kuliko ilivyosomwa. Ilitangazwa Ingolstadt tarehe 23 Aprili 1516 na watawala wa Bavaria, Wilhelm IV na Ludwig X, na sehemu kubwa ya maneno yake ni bei: kipimo cha Maß kiuzwe kwa pfenigi moja wakati wa baridi na si zaidi ya mbili wakati wa joto. Viungo vilivyotajwa ni vitatu, shayiri, hopsi na maji; hamira haikutajwa. Kuizuia ngano kulihusu mkate, kwa kuwa wapika bia na waoka mikate walikuwa wakigombania nafaka ileile. Na utaniambia nini kuhusu usafi, ikiwa ukoo wa Degenberg ulipewa ruhusa ya pekee kupika bia ya ngano, na mwaka 1602 mtawala Maximilian I akaichukua haki hiyo mwenyewe na kujaza hazina yake? Mwaka 1987 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Ujerumani haiwezi kuitumia sheria hiyo kuzuia bia za nchi nyingine.

Ukitaka umri, huko Godin Tepe, nchini Iran, masalia ya bia ya shayiri kwenye vyungu yana zaidi ya miaka 5,000. Misri, katika mji wa Abydos, mwaka 2021 ilitangazwa kwamba kimechimbuliwa kiwanda cha zama za mfalme Narmer kilichokadiriwa kutoa lita 22,400 kwa mpigo mmoja. Hopsi zilikuwa bado miaka elfu nne mbele. Huwezi kuwanyima hao bia yao.

#9 Mwana Kibosho

Naam, mtu mwenyewe ndiye mimi, nami nimeileta mbege, Sheria Kwanza asikasirike.

Ndizi zilizoiva humenywa, huchemshwa kwa muda mrefu hadi ziwe nyekundu, kisha huachwa siku kadhaa zichache. Pembeni, ulezi huloweshwa, huchipuzwa na kukaushwa, yaani hufanywa kimea kama shayiri ya Groll, halafu husagwa na kupikwa uji. Maji ya ndizi yaliyochujwa na uji wa ulezi vikichanganywa, mbege inakuwa tayari baada ya siku moja hivi, nayo lazima inywewe upesi kwa sababu inaendelea kuchacha ndani ya kata. Uchungu wake hutoka kwenye magome ya msesewe, ambayo hukaushwa na kupikwa pamoja na huo uji. Nani aliyesema hopsi pekee ndiyo kiungo cha uchungu? Ulaya yenyewe, kabla hopsi hazijashika, ilitia mchanganyiko wa majani ya porini, na mtawa Hildegard wa Bingen aliziandika sifa za hopsi katika karne ya 12, watu wakiwa bado wanatumia vyote viwili. Msesewe ukizidi, mbege hailiki wala hainyweki. Mpishi mwenye jina zuri kijijini ni yule anayejua kuukadiria.

Ninachokikubali ni kwamba mbege haiwezi kusafirishwa hadi Dar ikabaki vilevile. Laga imetushinda kwa kudumu kwenye kreti, si kwa kitu kingine.

#10 Nairobi Mashariki

Tusisahau historia ya hapa. Kenya Breweries ilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst, na kreti zake za kwanza zilipelekwa hoteli ya Stanley mwezi Desemba mwaka huohuo. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo akiwa mawindoni, na bia ikapewa jina la Tusker, yaani tembo dume mwenye pembe kubwa. Ni nadra kampuni kumweka muuaji wa mwanzilishi wake kwenye lebo.

Kuhusu mtoza kodi, dai la mleta mada lina ushahidi mwingi huku kwetu. Uganda, mwaka 2002, Nile Breweries ilianza kupika Eagle Lager kwa mtama uitwao Epuripur baada ya serikali kukubali kupunguza ushuru kwa bia ya nafaka ya wakulima wa ndani. Kenya ikafuata mwaka 2004 na Senator, bia ya pipa iliyosamehewa ushuru ili mnywaji wa chang'aa apate kitu salama kwa bei anayoiweza, na baadaye nayo ikategemea mtama. Mwaka 2013 serikali iliurudisha nusu ya ushuru ule, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka, wakulima wakabaki na magunia, na miaka miwili baadaye msamaha ukarejeshwa karibu wote. Mtama wenyewe si rahisi kwa mpishi: wanga wake huhitaji joto kubwa zaidi kulainika, na vimeng'enya vyake ni haba, hivyo kiwanda hununua vimeng'enya na kuviongeza. Hakuna mhasibu angekubali usumbufu huo kama ushuru ungekuwa sawa.

#11 Binti Kaunta

Nimejifunza mengi, na jana nimemweleza mteja habari za rangi, akabisha mpaka nikamwonyesha asilimia kwenye lebo. Nina swali la mwisho. Bia za chupa za kijani tunazozipanga dirishani wateja huzirudisha wakisema zinanuka vibaya, lakini zilizomo kwenye makreti stoo, za tarehe ileile, hazina tatizo. Je, ni kiwanda au ni sisi?

#12 Fundi Maji

Ni dirisha, dada yangu. Viini vya uchungu vinavyotoka kwenye hopsi huvunjwa na mwanga, hasa ule wa buluu na wa miale isiyoonekana ya jua, na vipande vyake vikikutana na salfa iliyomo kwenye bia hutoa harufu iliyo kama ya kicheche. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa ni chembe ndogo mno. Jua kali laweza kuifanya kazi hiyo kwa dakika chache. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, cha kijani huzuia kidogo, na cheupe hakizuii karibu chochote. Viwanda vinavyong'ang'ania chupa nyeupe hutumia hopsi zilizobadilishwa kitaalamu ili zisivunjike. Joto si mkosaji hapa, ingawa nalo huizeesha bia kwa njia yake, ikapata ladha ya karatasi iliyolowana.

Panga dirishani zile za kahawia, au chupa tupu kama unataka maonyesho tu. Za kijani ziache kwenye kreti na uzifunike, na usizipange mbele ya taa ya jokofu iwakayo usiku kucha, maana hata hiyo, ikipewa siku za kutosha, huiharibu bia vilevile.